Dungu, Kijiji cha Wavulana na Mnada: Maelezo juu ya Nyumba ya Mtoto

Mpunga unapoanza kutia maziwa katika mashamba yauzungukayo mji wa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, vijumba vidogo huzuka juu ya mimea. Vyasimama juu ya miguu minne ya miti iliyochimbiwa matopeni, vina sakafu ya fito au matete, na paa la nyasi ambalo upana wake haupiti sana upana wa mkeka. Kiswahili kina majina mawili ya jengo hili, dungu na ulingo, na kina kitenzi mahsusi kwa kazi ifanywayo humo: kuamia, maana yake kuwafukuza ndege wasile nafaka shambani. Mwamizi, mtu afanyaye kazi hiyo, mara nyingi ni mtoto.

Kweleakwelea huja kwa makundi makubwa mfano wa moshi, na mahali kundi lituapo hubaki mabua. Kwa hiyo mwamizi hupanda dunguni kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa ndege hula sana asubuhi na jioni. Ana kombeo na udongo uliofinyangwa kuwa vidonge, ana makopo yaliyotungwa kwenye kamba ipitayo juu ya mpunga, na juu ya yote ana sauti yake. Lakini katikati ya mchana ndege hupumzika, na mtoto hana la kufanya. Saa hizo ndizo zipasazo kuangaliwa na mwanahistoria. Dungu huongezwa ubaraza wa matete. Hutiwa ngazi ya pili. Chini yake, kivulini, huwekwa mafiga matatu madogo na kopo la kupikia. Gunzi la mahindi huvishwa kitambaa likawa mwanasesere, na mwanasesere akapewa chumba. Jengo la kazi limekwisha kuwa nyumba ya mchezo, wala hapana mtu mzima aliyeamuru hivyo.

Historia ya nyumba za namna hii haijaandikwa katika nchi ya Usangu. Yaliyoandikwa ni habari za majengo ya wakubwa. Balozi wa Kiingereza, James Frederic Elton, alifika katika mji wa Merere mwaka 1877, akaukuta umezingirwa na Wahehe. Yeye mwenyewe alifariki huko Ugogo mwezi wa Desemba mwaka ule ule, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1879. Humo mna kuta, malango na bunduki. Baada yake walikuja Wajerumani, nao waliandika juu ya ngome, njia na kodi. Hata walipotaja nyumba za raia, yaani yale matembe marefu yenye paa bapa la udongo ambayo Wahehe na jirani zao walikaa, walipima urefu wa ukuta na kuhesabu milango. Kilichojengwa nyuma ya tembe na watoto wa mwenye tembe hakikuwashughulisha. Si ajabu. Jengo ambalo mvua ya kwanza hulibomoa halimwachii mchimbaji wa kale hata shimo la nguzo.

Dungu lenyewe limeongezeka kwa kufuata mpunga. Wabaluchi, waliotoka pwani pamoja na biashara ya misafara na kufanya makao Usangu, wahesabiwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulima mpunga wa kumwagilia katika bonde hilo, wakati wa utawala wa Waingereza. Wenyeji na wageni wengine wakafuata, kwa kuwa maji ya Mto Mbarali, Mto Kimani na Mto Chimala yalikuwa karibu na ardhi ni tambarare. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Wachina, ilifungua shamba kubwa la mpunga la Mbarali, na baadaye likaja lile la Kapunga. Kila mfereji ulioongezwa uliongeza mpunga, na kila shamba la mpunga likaita ndege. Serikali imekuwa ikinyunyiza dawa kutoka angani juu ya viota vya kweleakwelea, lakini ndege ya dawa haiji kila siku, na mkulima mdogo hana ndege ya kuiagiza. Ana mtoto.

Ukitaka kuona nyumba ya mtoto ikipewa heshima kamili ya kisheria, yakupasa kupanda kutoka bonde la Usangu kuelekea milima ya Rungwe. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita Unyakyusa mwaka 1879, alistaajabishwa na unadhifu wa nyumba za mianzi na migomba iliyozizunguka, na wamisionari wa Kijerumani waliofika mwaka 1891 walisema vivyo hivyo. Lakini habari kubwa kuliko unadhifu ilikuja kuelezwa na Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti huko kati ya mwaka 1934 na 1938. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1951, Monica Wilson alieleza kuwa Wanyakyusa hawakukaa kijijini kwa ukoo, kama yalivyo makabila mengi, bali kwa marika. Na kijiji cha rika kilianza kwa mchezo.

Mambo yalikwenda hivi. Wavulana wadogo wachungao ng'ombe walikuwa na desturi ya kujijengea vibanda vya mfano pembeni mwa malisho, wakaviezeka, wakavibomoa, wakavijenga tena. Walipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, haikuwapasa tena kulala katika nyumba ya wazazi, kwa kuwa Wanyakyusa waliona aibu mtoto mkubwa kusikia mambo ya usiku ya baba yake na mama yake. Basi walikwenda kwenye ukingo wa kijiji cha baba zao, wakajenga vibanda vya kulala kweli. Ufundi haukuwa mgeni kwao. Mikono ilikwisha kujifunza miaka mingi machungani. Mwanzoni vilikuwa vibanda vibovu, vyenye kuvuja, na hao wavulana waliendelea kula kwa mama zao na kulima mashamba ya baba zao. Lakini walikwenda kula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, na kukaa pamoja huko, kuzungumza na kufurahiana, kuliitwa ukwangala, neno ambalo Wanyakyusa walilihesabu kuwa msingi wa utu.

Wadogo zao walipokua waliongezwa, mpaka kijiji kikatosha na mlango ukafungwa. Waliofuata walianza kijiji chao. Miaka ikapita. Wale wavulana wakaoa, na wake zao wakaja kukaa hapo, na vibanda vikawa nyumba. Hatimaye, mara moja katika kizazi, ilifanywa sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka, ambayo kwayo baba walikabidhi nchi na madaraka kwa wana. Kijiji kilichoanza kwa vijumba vya watoto wa malishoni kilikuwa sasa kijiji cha watawala.

Wataalamu waliofuata, tangu mwisho wa miaka ya 1960, wamebishana kama mambo yalikuwa manyofu hivyo, au kama Monica Wilson aliandika zaidi yale ambayo wazee walitaka yawe kuliko yale yaliyokuwa. Ubishi huo ni wa haki. Kahawa na mpunga viliipa ardhi bei, vijana walikwenda migodini kutafuta fedha, baba hakuwa tayari tena kukabidhi shamba lenye kuleta pesa, na ubusoka ukafifia. Lakini hata mwenye kushuku mno hakani kwamba wavulana walijenga. Jambo dogo hilo, ambalo laonekana kama pambo tu la habari kubwa, ndilo lenye maana hapa: katika nchi hii ilikuwako jamii iliyokichukua kibanda cha mtoto kwa uzito, ikakiacha kikue.

Ila yafaa kusema wazi upungufu wa desturi hiyo. Haikuwa ya watoto wote. Msichana hakuwa na kijiji. Alitoka katika nyumba ya mama yake akaingia katika nyumba ya mume, ambayo pengine ilijengwa na mume huyo alipokuwa mtoto. Katika mchezo wa baba na mama, uchezwao Rujewa kama uchezwavyo Mombasa na Tabora, msichana ndiye mwenye nyumba, naye ndiye agawaye chakula cha majani na chapati za matope. Mvulana huambiwa aende kazini arudi baadaye. Mchezo ulimpa msichana milki ambayo desturi ya utu uzima ilimnyima. Wanaume walioandika juu ya michezo ya watoto waliandika zaidi juu ya mishale na ng'ombe wa udongo, na kwa hiyo sehemu hii imebaki gizani.

Sasa, huko Ulaya na Marekani nyumba ya mtoto ilikwenda njia nyingine kabisa. Huko waliojenga ni watu wazima, tena mafundi wakubwa, na tangu zamani za karibu nyumba hizo zimefungamana na sadaka. Mfano ulio mashuhuri ni ule wa mchezo wa kuigiza wa J. M. Barrie juu ya Peter Pan, ulioonyeshwa kwanza London mwezi wa Desemba 1904. Katika mchezo huo watoto wa kisiwani humjengea msichana Wendy nyumba ndogo kumzunguka pale alipolala, na tangu hapo Waingereza huita nyumba yoyote ya mchezo kwa jina la Wendy. Mwaka 1929 Barrie aliipa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street haki za mchezo huo, na mapato yakawa ya wagonjwa.

Wakati ule ule ilikuwapo shauku kubwa ya majumba madogo. Nyumba ya mwanasesere ya Malkia Mary, iliyobuniwa na Edwin Lutyens na kukamilishwa mwaka 1924, ilijengwa kwa kipimo cha inchi moja kwa futi moja, ina maji ya bomba na taa za umeme, na ilipowekwa katika maonyesho ya Dola ya Kiingereza huko Wembley watu zaidi ya milioni moja na nusu walilipa kuiona, fedha zikaenda katika sadaka za Malkia. Jumba jingine, liitwalo Titania's Palace, la Sir Nevile Wilkinson, lilisafirishwa nchi nyingi kuchangisha fedha za watoto wenye shida, na mwishowe mwaka 1978 likauzwa kwa mnada London, likaenda Denmark. Mcheza sinema Colleen Moore wa Marekani alilikamilisha kasri lake mwaka 1935, akalizungusha mji kwa mji katika miaka ya dhiki kwa ajili ya watoto maskini. Leo limo katika jumba la makumbusho la sayansi huko Chicago. Katika majumba yote matatu hapana mtoto aliyeruhusiwa kucheza. Aliruhusiwa kutazama kupitia kioo.

Mwaka 1932 watu wa Wales walimpa Binti Mfalme Elizabeth, aliyekuwa ametimiza miaka sita, nyumba ambayo mtoto aweza kuingia na mtu mzima lazima ainame. Iliezekwa kwa nyasi, jambo ambalo Mnyakyusa angelielewa mara moja. Ilipokuwa njiani turubai lililoifunika lilishika moto, paa likateketea, ikabidi mafundi wairudie kazi. Wales wakati huo ilikuwa na wachimba makaa wengi wasio na kazi, na zawadi hiyo ilikuwa pia njia ya kuwaonyesha Waingereza kuwa mikono ya Wales ingali na ustadi. Kwa sadfa ya historia, mwaka huo huo wa 1932, karibu na Nyeri nchini Kenya, Eric Sherbrooke Walker alijenga juu ya mti wa mgumo kibanda cha kutazamia wanyama, kilichojulikana baadaye kwa jina la Treetops. Mtoto yule wa nyumba ya nyasi alilala katika kibanda hicho usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, usiku ambao baba yake alifariki na yeye akawa malkia. Kibanda kilichomwa moto mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau. Kwa umbo na kazi kilikuwa dungu: miguu ya mti, sakafu juu, mtu akaa na kutazama. Mgeni alilipa fedha nyingi kwa ajili ya kuketi mahali ambapo mtoto wa mkulima huketi kwa amri ya baba yake.

Kutokana na asili hizo ilitokea desturi ya siku hizi huko Marekani, ambako wajenzi na wasanifu majengo hujenga nyumba za mchezo zenye sura za ajabu, hii mfano wa merikebu, hii mfano wa kasri, hii mfano wa roketi, wakazitoa bure, nazo zikanadiwa au kupigiwa kura ya bahati kwa faida ya watoto walioonewa au wasio na makao. Fundi hutoa mbao na muda wake. Tajiri hushindana na tajiri mwenzake mbele ya watu. Fedha humfikia mtoto ambaye hatapata kuiona nyumba ile. Mtu wa Rujewa akielezwa jambo hili aweza kucheka kwanza, kwa kuwa kumnunulia mtoto kibanda ni kama kumnunulia kivuli. Lakini akielezwa jinsi fedha zinavyopatikana hatacheka, maana utaratibu wenyewe aujua vizuri.

Neno mnada lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa kitenzi kunadi, yaani kutangaza kwa sauti. Pwani palikuwa na dalali aliyetembea barabarani na bidhaa mkononi, akitaja bei aliyopewa na kuomba nyongeza. Bara neno hili limepata maana mbili zaidi. Ya kwanza ni soko la mifugo na vitu vingi likaalo kwa siku maalumu, hata kama hapana anayenadi chochote. Ya pili yaonekana nje ya kanisa baada ya ibada, kwa Wamoravian na kwa Walutheri wa Nyanda za Juu Kusini, na hasa katika majira ya mavuno. Waumini wasio na fedha wameleta walichonacho: kuku, mayai, mkungu wa ndizi, debe la mahindi, na Usangu gunia la mpunga. Mnadi asimama mbele, ataja bei, watu wapanda. Hapo bei ya sokoni husahauliwa. Yai moja laweza kununuliwa kwa fedha za trei nzima, na mnunuzi akalirudisha mezani linadiwe upya, likanunuliwa mara ya pili na ya tatu. Mwishoni yai hupewa mzee au mgeni, na fedha za wanunuzi wote zimo katika hazina ya paa la kanisa, ya zahanati au ya darasa.

Wataalamu wa uchumi wangepata taabu kueleza bei ya yai hilo. Bei si ya yai. Yai ni fimbo tu ya kushikia, ili mtu aweze kutoa mbele ya wenzake bila kuonekana ajivuna, na maskini aliyelileta apate kuona kwamba alichotoa kimezaa zaidi ya thamani yake. Nyumba ya mchezo yenye sura ya merikebu hufanya kazi hiyo hiyo Marekani. Tofauti ni kwamba yai ni la maskini, naye yumo mnadani akishangilia. Merikebu ni ya fundi aliyetajwa kwa jina, na maskini hayumo. Katika jambo hili mnada wa kanisa la kijijini, pamoja na mabishano na vicheko vyake, una adabu iliyo bora.

Hata hivyo haifai kuusifu kupita kiasi. Gunia la mpunga linalonadiwa mwezi wa Juni au Julai kwa ajili ya ujenzi wa darasa lilipaswa kulindwa mwezi wa Aprili na Mei, na aliyelilinda huenda ni mtoto aliyekuwa dunguni asubuhi ile ambayo mwalimu aliita majina. Fedha za kujenga darasa zimetoka kwa mtoto aliyelikosa darasa. Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 chataja haki ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Mtoto ikatungwa mwaka 2009. Ada katika shule za msingi ilifutwa mwaka 2002, na katika kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016. Yote hayo ni mema. Lakini sheria huona kazi upande mmoja na mchezo upande mwingine, na dungu limekaa katikati. Ukimwondoa mtoto dunguni kwa kuwa ni mahali pa kazi, umeiondoa pia nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na pengine hana nyingine. Ukimwacha kwa kuwa ni mahali pa mchezo, kweleakwelea ndio waliompangia saa za masomo.

Baadhi ya wazazi wa Usangu wametafuta njia ya kati: mtoto huamia kabla ya shule na baada ya shule, na mtu mzima, mara nyingi bibi, hukaa dunguni saa za masomo. Njia hiyo yawezekana pale ambapo shamba li karibu na nyumba. Kwa wale waliokodi ekari mbali, kando ya mifereji ya mashamba makubwa, familia huhamia shambani majira yote na shule hubaki mjini. Huko ndiko madungu yalikojengwa kwa ustadi zaidi, kwa kuwa wajenzi wana muda mrefu. Yako yenye madirisha. Yako yenye uzio wa vijiti na lango la kufunga kwa kamba, na ndani ya uzio ng'ombe wa udongo wamepangwa kwa rangi.

Mpunga ukikatwa, dungu halina kazi. Baba huja na panga, hukata kamba za magome, na nguzo nne hung'olewa kwa kutikiswa huku na huku mpaka matope yaziachie. Zilizo nzima huwekwa kwa ajili ya mwaka ujao au uzio wa nyumbani, zilizoliwa na mchwa huwa kuni za kuchemshia maji ya wavunaji. Matete hutupwa. Mwanasesere wa gunzi husafiri nyumbani juu ya magunia, ikiwa mwenyewe amemkumbuka.